Picha ya Pili

Mpiga picha wa kona ya posta alikuwa na ujanja mmoja tu, na ndio uliomlisha miaka thelathini. Mteja akikaa kwenye kigoda mbele ya pazia la bluu, shingo imekakamaa, mdomo umebanwa utadhani anasubiri sindano, yeye humpiga picha ya kwanza kwa heshima zote. Kisha hutangaza, "Haya, tumemaliza!" Mteja akishusha pumzi, mabega yakilegea, uso ukirudi kuwa wake, kamera inalia tena. Hiyo ya pili ndiyo picha. Ya kwanza ni danganya toto. Watu walimbandika jina la Mzee Tumemaliza, naye akaliitikia.

Sasa macho yalikuwa yamemchoka na studio ilikuwa inafungwa mwisho wa juma. Binti yake, mwalimu wa chekechea, alimletea diski ya kuhamishia picha nyumbani, lakini kompyuta ilikuwa imejaa pomoni na diski ingebeba nusu tu. Kwa mtu aliyepiga kila uso mara mbili, jibu lilikuwa wazi: katika kila jozi, moja itoke.

"Baba, kuna programu inayotafuta picha zinazofanana na kuzifuta yenyewe," binti alimwambia. "Unakunywa chai, ukirudi imeshamaliza."

"Inabakiza ipi?"

"Ya kwanza, nadhani."

"Basi kaiambie ikalale. Itaniachia mji mzima umenuna."

Binti alicheka. "Ila ya mama usiipoteze, baba. Ndiyo hiyo hiyo tuliyo nayo."

Kwani hakujua? Marehemu mkewe alikaa kwenye kaunta ile miaka kumi na tisa, akikata picha kwa mkasi, akiwanyoosha wateja kola, na mwenyewe hakukubali kukaa kwenye kigoda ila siku moja. Siku hiyo alicheka. Kicheko kile ndicho walichotaka kukikuza na kukitundika sebuleni. Mzee angeanza kwa kukitafuta, lakini picha hazikuwa na majina, zilikuwa na namba tu, na mwaka wenyewe ulikuwa umemtoka. Nitamkuta njiani, alijiambia.

Jumatatu alikuza jozi moja baada ya nyingine na kusalimiana na kila mtu. Huyu fundi cherehani, huyu bwana harusi aliyeazima koti la studio akaondoka nalo. Jumanne aliacha kusalimia. Jumatano macho yalimtoka machozi, mgongo ukawaka moto, na jozi zilikuwa bado maelfu. Alhamisi hakuangalia nyuso tena. Aliangalia namba: ndogo inatoka, kubwa inabaki. Ndogo inatoka, kubwa inabaki. Kidole kilikuwa kimeshaijua njia, na kusema kweli alikuwa amechoka mpaka hakumbuki anatafuta nini. Kila jioni alimwaga pipa la taka la kompyuta, maana bila hivyo mashine ilikuwa inagoma kabisa. Ijumaa mchana zilizobaki zikaingia kwenye diski. Saa kumi fundi wa kompyuta aliichukua mashine, akaifuta yote, akampelekea mtu aliyeinunua.

Jumamosi, sebuleni, msumari ulikuwa umeshapigwa ukutani. Binti alichomeka diski kwenye kompyuta yake, akapekua muda mrefu, akampata mama yake. Akaikuza picha ikajaa kioo chote.

"Baba," alisema. "Mbona mama amenuna?"

Mzee alivuta miwani, akasogea. Mkewe alikuwa amekaa wima, midomo imebanwa, macho makavu, kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi.

Ndipo siku ile ikamrudia yote. Mwanamke aliyekuwa ameusikia ujanja ule kila siku ya kazi angenaswa nao vipi? Alikaa kwenye kigoda anacheka tayari, akacheka kamera ilipolia mara ya kwanza, na aliposikia "Haya, tumemaliza" akakaza uso makusudi, mpaka kamera ilipolia tena. "Mimi hunipati, bwana," alimwambia huku akishuka. Walicheka wote wawili, na jioni nzima akamtania. Mji mzima ulicheka kwenye picha ya pili. Yeye peke yake alicheka kwenye ya kwanza.

"Fundi je?" binti aliuliza. "Hawezi kuirudisha?"

"Fundi ameshafuta, mwanangu. Na kabla yake nimefuta mimi." Alivua miwani, akaivaa tena. "Ile programu yako ingeibakiza."

Binti alimshika baba yake begani, akaenda jikoni, na Mzee akamsikia akifungua bomba na kuliacha linatiririka.

Alibaki na mkewe. Uchovu wa juma zima ulimkalia kwenye mabega, na uchungu juu yake. Akasogeza kiti mbele ya kioo, akakohoa kidogo kusafisha koo.

"Haya," alisema, kwa sauti yake ya kazini. "Tumemaliza."

Akasubiri. Mkewe hakulegeza hata bega.