Quad ya marehemu ilishika pistoni kona ile ile, na kuna mtu aliniongelesha

Wakuu, niaje. Hii kitu nimekaa nayo kifuani tangu mvua za juzi. Naiandika vile ilivyokuwa, sijaongeza chumvi.

Mimi ni fundi wa pikipiki na quad, zile za magurudumu manne, hapa Kinoo nje ya Nairobi. Mama mmoja, tumuite Nafula, aliniletea quad ya bwanake ikiwa imebebwa kwa pickup. Bwanake, Wekesa, alirushwa na hiyo quad kwa barabara ya murram upande wa Dagoretti. Akafa hapo hapo.

Watu walisema alikuwa amelewa. Hata mamake mzazi aliamini hivyo.

Nafula akaniambia, "Fundi, Wekesa aliacha pombe. Fungua hiyo engine uniambie ilikuwa na nini."

Nikafungua.

Pistoni ilikuwa mpya kabisa, lakini imekwaruzwa pande zote. Hiyo ni pistoni iliyoshika ndani ya silinda quad ikiwa mbio. Ikishika hivyo, tairi za nyuma zinafunga na wewe unaruka.

Nikashuku oil. Pampu iko sawa. Njia za oil ziko safi. Hapo nikaanza kukosa amani.

Nikaenda town, Kirinyaga Road, nikachukua pistoni ya aina ile ile, kubwa kidogo kwa sababu silinda ilikuwa imekwaruzwa. Mueni, dada mwenye mashine ya kuchonga silinda, akanichongea kwa size niliyompa. Clearance, yaani ile nafasi kati ya pistoni na ukuta wa silinda, nilipima mwenyewe. Ilikuwa vile kitabu cha quad kinasema.

Engine ikawaka vizuri sana. Imetulia.

Jumapili mchana nikaitoa test kwa hizo murram za Dagoretti. Jua kali, barabara tupu, upande mmoja fence ya miti, upande mwingine shamba la nyasi ya ng'ombe. Hakuna mtu. Wakuu, niliangalia baadaye mara nyingi: hakuna mtu.

Nikikaribia kona, mwanaume akasema karibu na sikio langu, bila kupiga kelele:

"Kamata kalachi."

Mkono ulikamata kabla kichwa kifikirie. Sekunde hiyo hiyo engine ikashika, krrrk, ikanyamaza. Kwa sababu nilikuwa nimekamata clutch, ile lever inayotenga engine na tairi, magurudumu yaliendelea kuzunguka. Quad ikateleza pole pole hadi kwa nyasi, ikasimama.

Nilikaa hapo juu yake. Sikio la kushoto lilikuwa baridi, kama mtu amelipulizia.

Nikampigia Nafula. Nilipomweleza hiyo kona, akasema, "Ni hapo. Hapo ndipo tulimpata."

Mimi sikuwa najua alianguka kona gani. Nikamwambia nilisikia mtu akisema nikamate clutch.

Halafu akauliza, "Alisema clutch, ama alisema kalachi, vile Wekesa alikuwa anasema?"

Wakuu, nilikata simu.

Kesho yake nikarudi kwa Mueni na pistoni zote mbili, ile ya Wekesa na yangu. Mikwaruzo ni ile ile. Mueni akaweka yangu kwa hotplate, ikapata moto, akapima tena. Akanionyesha.

"Hii ni forged, imegandamizwa kwa mashine, si ya kumiminwa," akasema. "Inafura kuliko ya kawaida. Kitabu chako kinaongea juu ya ile ya kawaida. Hii inataka nafasi zaidi."

Ikiwa baridi inapita vizuri. Ikishapata moto, haina pa kwenda. Wekesa alikuwa ametoka hapa Kinoo kama mimi, engine ikafika joto lile lile, kona ile ile. Hiyo naelewa.

Sauti ndio sielewi.

Mamake Wekesa alikuwa amekuja Nairobi clinic, kule Upper Hill. Nafula akaniomba niwapate kwa benchi nje ya hospitali. Nikamwekea huyo mama pistoni ya mwanawe mapajani, nikamweleza pole pole. Akapitisha kidole kwa mikwaruzo, juu chini, juu chini.

"Kwa hivyo hakuwa amelewa."

"Hakuwa, mama."

Alilia bila sauti. Nafula akamshika mkono, akamwambia pia ile maneno nilisikia barabarani. Nilidhani atakemea kwa jina la Yesu. Badala yake akaniangalia usoni.

"Na mimi," akauliza, "hakuniulizia?"

Nilimwachia pistoni, wakuu, nikaondoka.

Kwa mafundi wenzangu: pima kufuatana na pistoni uliyoweka, si ile kitabu kilikuwa kinafikiria. Kama ni forged, uliza clearance yake kabla silinda ichongwe. Na ukitoka test, vidole vikae kwa clutch.

Wa kucheka, chekeni tu. Lakini kama wewe pia umewahi kuongeleshwa na mtu hayupo, andika hapo chini. Na kama unajua yule mama nilipaswa kumjibu nini, tafadhali niambie.