Salfa Kwenye Koti Langu

Cheka kabisa, usinionee haya, maana hata wajukuu zangu hunicheka, ila nikimaliza utaniambia kama kicheko bado unacho. Mimi ndiye yule mzee aliyepanda juu ya meza mbele ya kijiji kizima akasema watu wa hapa hatununuliki, na kumbe bei yake imemganda kwenye nyusi.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya soko huria, vyama vingi navyo vimeingia, kila kitu kipya na kila kitu ghali. Zamani ushirika ulikuwa unatukopesha salfa, ile dawa ya unga wa njano tunayopulizia mikorosho isishikwe na ubwiri, ugonjwa unaokausha maua, ukivuna unakatwa, yameisha. Soko lilipofunguliwa tukaambiwa nendeni dukani na hela mkononi. Hela ipi? Maua yanaanza kutoka, na sisi tunayatazama kama mtu anavyomtazama mwanawe mwenye homa.

Udiwani wakasimama wawili. Mmoja Mwalimu Abdala, mwalimu mstaafu, rafiki yangu tangu utoto (tulianza shule pamoja, mimi nikaishia darasa la pili kwa sababu ya mbuzi wa baba, yeye akaenda mpaka sekondari ya Chidya, mbuzi wenyewe walikufa wote). Alikuwa na baiskeli na kipaza sauti cha kuazima, na neno lake lilikuwa moja tu: pampu ya kupandisha maji. Huku kwetu juu, upande wa Chilangala, maji yako bondeni, unashuka ukiimba unapanda ukihema na ndoo kichwani, na goti la mke wangu Mama Zainabu liliharibikia njia ile ile.

Wa pili alikuwa tajiri wa kununua korosho kutoka Masasi, mwenye malori. Huyo hakusumbuka na maneno. Aligawa salfa, kila nyumba mfuko, na mashine ya kupulizia ikazunguka shamba kwa shamba na petroli yake ndani. Nikajiambia (hapa ndipo nilipokosea, na palikuwa padogo tu): mkorosho haupigi kura. Salfa nichukue, kura nimpe Mwalimu.

Sasa angalia mambo yalivyopangana. Zamu yangu ya mashine ikaangukia asubuhi ya mkutano wa Mwalimu, na mkutano wenyewe ulikuwa huo mmoja tu, hela ya kufanya mwingine hakuwa nayo. Salfa inapulizwa alfajiri, upepo haujaamka na umande bado uko kwenye majani, na baridi ya msimu wa maua unaijua, kwa hiyo nikavaa koti langu, ninalo moja. Nikarudi nyumbani wa njano kama kifaranga.

"Mama Zainabu, niwekee maji nioge."

"Maji yapi, Baba Zainabu? Kisima cha mvua hapo uani kimebaki tope. Kuna nusu ndoo, ya ugali. Chagua, uoge au tule."

Nikachagua ugali. Nikajifuta na kanga yake, nikalikung'uta koti kwenye nguzo, nikajiona safi (salfa ukishaivaa harufu yake huisikii, wanaisikia wenzako).

Mkutanoni Mwalimu akaniambia, "Nifungulie, ndugu yangu, wewe watu wanakusikiliza." Nikapanda mezani na kipaza sauti chake. Jua limeshapanda, jasho linatoka, na jasho likikutana na salfa macho yanawaka moto. Machozi yakaanza. Mimi nikakaza sauti, "Jamani, sisi hatununuliki!" nikajipiga kifuani kwa nguvu, paa! Likatoka wingu la njano kwenye koti, likanizunguka kichwa.

 Halafu Mama Somoe, muuza maandazi, akasimama.

"Shikamoo, Baba Zainabu!"

"Marahaba," nikaitikia (na adabu zangu za kijinga).

"Hiyo poda umejipaka, harusi ya nani?"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Mwingine nyuma akapaza, "Muacheni, analia, salfa ya tajiri inauma!" Nikajifuta macho kwa mkono wa koti, koti lile lile, ikawa kupaka pilipili juu ya kidonda. Sioni kitu. Nikarudi nyuma hatua, meza ikaisha, nikaanguka juu ya baiskeli ya Mwalimu, na kipaza sauti kikalia kama nguruwe kikanyamaza moja kwa moja.

Nilitegemea anitukane. Akachukua kidumu chake kidogo, maji aliyojiwekea ya kulainisha koo, akanimiminia usoni yote. "Fumbua, ndugu yangu. Fumbua."

Nikafumbua. Ndipo nikawaona vizuri waliokuwa wananicheka. Mama Somoe ana njano shingoni. Yule wa nyuma ana njano masikioni. Wote. Na Mwalimu naye alikuwa anawaona.

"Najua mmepuliza," akasema, bila kipaza sauti, koo kavu. "Hata mimi ningependa. Mikorosho yangu imeshaanza kuwa myeusi."

Akazungumza habari ya maji na sauti ikimkatika, mpaka lori la tajiri likapita na ngoma, na watu wakainuka mmoja mmoja wakiona haya kuaga.

Mwalimu alishindwa vibaya. Msimu ule korosho zetu zilikuwa nzuri, sitakudanganya. Zake tu zilikauka maua. Diwani wetu alirudi Masasi na pampu hatukuiona.

Mwalimu alifariki miaka michache baadaye, wakati wa kiangazi. Waoshaji wakauliza maji, tukaangaliana, kila kisima cha uani tope. Nikachukua baiskeli yake mwenyewe nikashuka bondeni na madumu, nikapanda nikiisukuma, kiu imenishika na yale maji sikuyagusa. Niliwaza kidumu kile kidogo alichonimiminia usoni, mbele ya watu, siku aliyokihitaji yeye.

Koti bado ninalo, na ukiupindua mfuko wa ndani unatoka unga. Wagombea bado wanakuja na mifuko yao. Mimi huwakaribisha, nawapa kiti, halafu nawauliza: nikishaipokea hiyo, maji ya kunawa mikono nitayapata wapi?