Kinanda Kilichochaguliwa kwa Uzito: Nyeusi, Kijivu na Wimbo wa Mama Yangu

"Kama hizi zote mbili zinalia sawasawa, hii uzito inatoka wapi?"

Niliulizwa swali hilo dukani, mbele ya kamati nzima ya kwaya, na sikuwa na jibu. Mimi, mwenye licence, yaani digrii ya chuo kikuu, ninayeuliza watu maswali mpaka wananikimbia. Swali moja tu lilinishinda, na kwa sababu hiyo mama yangu alipoteza wimbo wake.

Wakuu, habari za huko mliko. Naandika kutoka Kapata, Kolwezi, huku Kongo. Kiswahili chetu kinatembea kivyake, kwa hiyo nitajitahidi kuandika hiki chenu, ila watu wakiongea nitawaacha waongee walivyoongea. Chumvi sitaongeza. Hasira niliyonayo inatosha mboga nzima.

Mimi ndiye mpiga kinanda wa kwaya ya akina mama parokiani kwetu. Kinanda cha zamani kilikufa, tukaanza kutafuta workstation, yaani kile kinanda kinachobeba sauti zote, ngoma zote na studio ya kurekodi ndani ya mwili mmoja.

Vilivyobaki mezani vilikuwa viwili, na wapiga vinanda wote mnavijua. Majina ya kampuni sitataja, maana nikitaja tu, uzi utageuka uwanja wa mpira. Kimoja nitakiita Nyeusi, kingine Kijivu.

Kwa haki kabisa: Nyeusi ina piano nzuri kuliko Kijivu. Ina skrini kubwa, ina sauti nyingi ambazo hutazimaliza mpaka uzeeke. Asiyekubali hilo hana masikio.

Lakini Nyeusi inakula umeme wa ukutani tu, na ikizimika, inachukua muda kuamka kama mtu mwenye malaria.

Kijivu piano yake ni ya kawaida. Ila inatumia adapta ndogo ambayo fundi yeyote anaweza kuiunga kwenye betri ya gari. Na ukiiwasha, imewaka.

Huku kwetu courant, yaani umeme, inakatika bila kuaga. Tunaishi juu ya madini yanayotengeneza betri za dunia nzima, halafu kanisani tunasali kwa tochi ya simu. Kwa hiyo kwangu mimi uchaguzi ulikuwa umekwisha kabla ya kuanza.

Nimeangalia review nyingi kuliko mihadhara niliyohudhuria chuoni. Jamaa anakaa kwenye chumba chenye taa za rangi, anapiga piano, anafumba macho. Hakuna hata mmoja aliyechomoa waya ukutani ili tuone kinachofuata.

Sasa mtaniuliza, haraka ya nini. Haraka ilikuwa jubilee ya parokia.

Mama yangu, Mama Ngalula, ndiye sauti ya kwanza ya kwaya yetu tangu nikiwa mgongoni. Baba alipofariki, mama alitunga wimbo, nusu Kiluba nusu Kiswahili. Aliuimba jikoni tu, akichambua mboga. Hakuwahi kuuimba mbele ya watu. Padri aliusikia siku alipokuja kutusalimia, akamwomba auimbe siku ya jubilee, peke yake, kwaya ikiitikia nyuma.

Mama alikubali. Akaniambia, "Nitayimba hii mara moja, yote, bila kukatwa. Kisha bengine batabeba."

Hicho tu ndicho alichotaka kabla ya kuwaachia wengine wimbo. Mara moja, yote, bila kukatwa.

Mfadhili wetu alikuwa Tata, yaani Baba, Donatien. Ni négociant: ananunua mawe ya madini kwa wachimbaji wadogo kule Musonoi, anapima magunia, anauza kwa wakubwa. Ni mtu wa kutoa, hilo silikatai. Ila akitoa, hata upepo unatakiwa uvume anakotaka yeye.

Tukaenda dukani mjini: Tata Donatien, wanaume wa kamati, mama yangu na mimi. Ndiyo, kamati ya kwaya ya akina mama ni ya wanaume. Niliwahi kuuliza kwa nini. Nikaambiwa nisilete siasa.

Nilipiga vyote viwili. Kisha nikamwomba muuzaji avizime na kuviwasha upya kwa pamoja.

Kijivu ikawa tayari kabla sijakunja vidole. Nyeusi ikaonyesha jina lake kwa fahari, halafu kamstari kembamba kakaanza kutambaa kwenye skrini. Tukasubiri. Muuzaji akakohoa. Kamstari bado.

"Munaona?" nikasema. "Courant ikikatika katikati ya wimbo, tutakuwa namna hii."

Katibu wa kamati akacheka. "Kitu kubwa haiamkake mbio. Hata patron hafikake ya kwanza ku kazi."

Wote wakaucheka utani huo wa bosi anayechelewa, hata muuzaji.

Hapo Tata Donatien akakunja mikono ya shati. Akaingiza mikono chini ya Nyeusi, akainyanyua, akaishusha polepole. Akahamia Kijivu, akainyanyua kama mtu anayeokota mto wa kitanda.

"Hii ya kijivu ni ganda," akasema. "Ile nyeusi iko na kitu ndani."

"Tata, kinanda habapimake na kilo," nikamwambia. "Banasikiaka na masikio."

Hakukasirika. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, alinijibu kwa upole kabisa.

"Mwana yangu, hii mikono, mi naipimisha bitu kila siku. Muchimbaji akitia mawe ya bure mu saki, mikono inajua mbele ya bascule kupima. Hakuna mutu anaweza kunidanganya na kilo. Sasa we ulisoma, ambia mi. Kama hizi zote mbili zinalia sawasawa, hii uzito inatoka wapi?"

Nikafungua mdomo.

Nilifikiria transfoma. Nilifikiria mbao chini ya vibonye. Nilijua nikitaja kitu chochote ataniuliza kama nimekiona kwa macho, na sikuwa nimekiona. Mimi ndiye niliyezoea kuwauliza wengine hivyo.

Nikanyoosha mkono, nikazima Kijivu.

"Tata, umemukatia courant," katibu akasema.

Basi. Nyeusi ikafungwa kwenye boksi, ikabebwa na watu wawili. Mtu mmoja hafiki nayo mbali.

Njiani mama akanigusa bega. "We unapendaka kushinda sana."

"Mama, ile kitu itazimika siku yako."

"Ikizimika, mi niko na koo. Mbele ya kinanda kuja, nilikuwa nayimba na nani?"

Mama akisema hivyo, mazungumzo yameisha.

Siku ya jubilee misa ilikuwa ya jioni, na kanisa lilijaa mpaka nje. Kulikuwa na wageni kutoka Fungurume, kwaya nyingine, mapadri, na Tata Donatien benchi la mbele. Nyuma ya sakristia kulikuwa na groupe, jenereta la Tata Donatien mwenyewe, na kijana wa kuliwasha. Kwa hiyo kamati iliamini tatizo limekwisha.

Mama akasimama mbele. Nikampa key yake, yaani sauti ya kuanzia, akaanza.

Sitawaelezea sauti yake, mtasema namsifia mama yangu. Nitasema tu kwamba wale waliokuwa nje walinyamaza.

Alipofika ubeti wa pili courant ikakatika. Giza, maikrofoni kimya, kinanda kimya.

Mama hakusimama. Aliendelea kwa koo, kama alivyoahidi, na wamama wakamwitikia. Nikasikia groupe ikiunguruma nje. Taa zikarudi. Maikrofoni ikarudi. Feni zikarudi.

Kila kitu kikarudi isipokuwa zawadi ya Tata Donatien.

Nilikaa mbele ya skrini ile nikiangalia kamstari. Vidole vyangu viko juu ya vibonye, na havina kazi. Mama akamaliza ubeti wa pili. Kamstari kakafika katikati. Mama akaimba ubeti wa tatu wote.

Wanamuziki mnajua kinachotokea hapo. Mtu akiimba peke yake muda mrefu bila chombo cha kumshika, sauti inashuka kidogo kidogo, naye hasikii kwamba inashuka. Wanaomwitikia wanashuka naye. Kwao wote wimbo uko sawa. Na kwa kweli ulikuwa sawa, ulikuwa mzuri kuliko mazoezini.

Kinanda kikaamka mwanzo wa ubeti wa nne, ambao ndani yake baba anatajwa kwa jina. Kiongozi wa kwaya alikuwa ananipungia mkono niingie. Nikaingia kwenye key niliyompa mwanzoni.

Piano ilikuwa juu. Mama alikuwa chini. Si chini sana, lakini kiasi cha kila mtu kukunja uso.

Nilitoa mikono palepale. Lakini mama alikuwa ameshasikia. Akajaribu kupanda aifuate piano, sauti ikakwaruza, akakosa. Vijana wa nyuma wakaanza kucheka.

Na Tata Donatien, jamani, akageuka akawaambia wageni wa Fungurume, "Sikieni ile piano. Ile njo kinanda yenyewe." Akapiga makofi, na watu wakamfuata.

Walikuwa wanakipigia makofi kinanda.

Mama akafunga mdomo kabla ya jina la baba. Akarudi nyuma, akajipenyeza mstari wa pili katikati ya wenzake, akasimama pale mpaka misa ikaisha.

Kufika usiku wa manane video ilikuwa kwenye simu za nusu ya Kapata. Mtu aliandika chini yake: "Mama iko ku Kapata, piano iko ku Musonoi." Nakubali ni utani mzuri. Aliyeuandika nikimjua atautafuna.

Nyumbani mama alivua kitambaa cha kichwa, akakikunja vizuri.

"Nilikuwa chini?"

"Kidogo, mama."

"Kuanzia wapi?"

"Kuanzia ku giza."

Akafikiri. "Mi nilijisikia muzuri," akasema.

Kamati ilikaa wiki iliyofuata. Mnadhani walijadili kinanda? Walijadili waimbaji wakongwe wasiofanya mazoezi ya kutosha na piano. Nilisimama nikauliza kama kuna yeyote kati yao aliyesikia umeme ukikatika. Katibu akasema nina uchungu kwa ajili ya mzazi wangu, ameelewa.

Mama bado yuko kwenye kwaya. Anaitikia. Wimbo ule haimbi tena, hata jikoni.

Kwa mnaotaka kununua, chukueni hili kwangu. Kabla ya kuuliza kina sauti ngapi, zima halafu washa, na uimbe kwa sauti mpaka kiamke. Ukimaliza ubeti na bado kimya, hicho ni cha studio ya mtu mwenye umeme. Uliza kinakula umeme gani. Badilisha sauti huku umeshika kibonye, usikie kama inakatika. Na asiyepiga kinanda asichague kinanda, hata kama ndiye anayekinunua. Najua sentensi hiyo itanifukuzisha parokiani.

Wenye Nyeusi najua mko humu na mtakuja na skrini zenu. Karibuni, ila mtuambie kwanza mnaishi wapi na umeme wenu ukoje. Wenye Kijivu kwenye betri, semeni inadumu ibada nzima? Na wenye kwaya, mwimbaji wenu akibaki peke yake gizani mnamrudishaje? Hilo nauliza kwa sababu nataka kweli kujua.

Nimalizie na hili, nimelijua juzi tu, baada ya muda mrefu.

Vumbi la malori ya migodi liliingia ndani ya Nyeusi, vibonye vikaanza kunasa. Kamati ikanipa nikisafishe. Nikakigeuza, nikafungua skrubu za chini.

Ndani, kutoka ncha hadi ncha, kuna bamba nene la chuma. Halina waya hata mmoja. Limefungwa pale ili kinanda kitulie kwenye stendi, kisiteleze.

Nikalitoa, nikaliegemeza ukutani. Kilichobaki nikakinyanyua peke yangu, nikakirudisha mezani. Nikakiwasha, nikasubiri kamstari kamalize safari yake, nikapiga ubeti wa nne wa wimbo wa mama.

Sauti ilikuwa ile ile.