Rangi Mbili Kwenye Maji ya Kuku

Kaka yangu anafuga kuku kijijini Issuna, mimi nafundisha baiolojia mjini. Nalisema hili mapema ili mjue hasira yangu inaanzia wapi.

Kwetu kuku akianza kusinzia tu, kinafunguliwa kidonge cha rangi mbili, ile dawa ya binadamu ya kuua bakteria, na unga wake unamwagwa kwenye maji yake. Wengine hawangoji hata asinzie. Wanampa ili afike mnadani akiwa mchangamfu. Nilimwambia kaka aache, akacheka. "Mwalimu, kuku wangu wanafaulu kuliko wanafunzi wako."

Halafu mama yetu, anayeishi kwake na ndiye anayefagia banda, akashikwa na UTI. Homa, mgongo, matapishi. Tukamkimbiza hospitali. Dawa ya kwanza ikagonga mwamba, ya pili vilevile. Akawa haongei, ananitazama tu, na mimi nikaogopa kweli. Majibu ya maabara yakasema bakteria wake hawasikii karibu dawa zote za kawaida, rangi mbili ikiwemo.

"Mbona mama hajawahi kumeza rangi mbili?" kaka akauliza, utadhani ameshinda kesi.

Nikamjibu palepale kwenye benchi la wodi. Bakteria hawangoji kuzaa ndipo warithishane usugu. Wawili wakikutana, mmoja anatoa kijibomba na kumpitishia mwenzake nakala ya kipande kidogo cha DNA chenye maelekezo ya kuishinda dawa. Huyo naye anampa mwingine, hata asiye wa aina yake. Wa kuku anampa wa mtu. Kinyesi mkononi, mkono kwenye ugali, imetosha.

"Kuku wako ndio waliomeza," nikasema. "Anayeumwa ni mama."

Akasema shule imenifanya niwe na mdomo.

Dawa ilibaki moja. Mama alipochomwa sindano zake homa ikashuka, na siku alipoomba uji nililia mbele ya manesi bila aibu. Akaruhusiwa na vidonge vya dawa hiyohiyo vya kumalizia. Nilimkabidhi kaka vidonge hivyo mimi mwenyewe, nikamwambia kuwa mama asiache hata kimoja.

Jumamosi nikaenda kumwona. Nikamkuta kivulini anachambua mlenda, nikamwamkia, nikauliza vidonge viko wapi. Hakujua. Kaka akanipeleka bandani, tena kwa fahari. Maji ya kuku kwenye beseni yalikuwa meupe kama maziwa.

"Mama si ameshapona? Na hawa walikuwa wanasinzia. Hii dawa ni kiboko, mdogo wangu."

Nikalipiga teke lile beseni, mama anaona. Maji yakatapakaa, kuku wakaja mbio kuyanywa chini, nikawa nawafukuza kwa kanga. Nikamwambia kaka, ugonjwa ukimrudia mama, hakuna dawa nyingine ya kumpa.

Akaokota beseni, akalikung'uta.

"Watatengeneza nyingine," akasema.