Maji Niliyoyachuja Mara Mbili

Nikiri mapema: daftari nililolipeleka Mutsamudu, kisiwa cha jirani, lilikuwa na michoro thelathini na sita, na yote ilikuwa ya bure. Sikujua.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mamluki walikuwa wameshaingia, na mwalimu wetu wa sayansi pale Moroni, kisiwani Ngazidja, alikuwa ameondoka nchini. Aliacha kabatini hadubini moja na kitabu cha Kifaransa kilichopungua kurasa. Nikajifundisha mwenyewe kuchora nilichokiona kwenye hadubini, mchana baada ya mchana, karibu na dirisha. Mstari ukipotoka unene wa uzi, nilichana karatasi na kuanza upya. Kisha nikasikia kwamba maabara ya hospitali Mutsamudu inatafuta mwanafunzi mmoja wa kupima damu. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyoitaka nafasi ile.

Bandarini, mamluki mmoja aliinua juani chupa ya maji ya nyumbani niliyobeba kwa ajili ya maabara, hakuona kitu, akanirudishia. Nilijivunia usafi wake.

Mkuu wa maabara, mzee mwenye kofia iliyodariziwa ambaye wote walimwita fundi, yaani mwalimu, alifungua daftari. Duara, duara, duara, kila moja na ukingo mweusi.

"Umechora nini, binti?"

"Viumbe wa seli moja, fundi. Wa birika la maji ya mvua la nyumbani."

"Maji uliyachemsha?"

"Ndiyo, fundi."

"Ukayachuja?"

"Mara mbili. Kwa kitambaa kipya."

Alicheka mpaka kofia ikateleza. "Hawa Wangazidja! Wageni umewapika, kisha ukawafungia mlango. Hivi ni viputo vya hewa, mwanangu."

Masikio yaliniwaka. Ukweli ni kwamba niliyachuja kwa kuona haya. Kwetu hakuna mto. Tunakunywa mvua iliyolala birikani, na sikutaka mtu aone taka katika birika la mama yangu.

Hakunifukuza. Alinituma mtoni, chini ya mawe ya wafua nguo, nilete maji yenye ukijani. Akadondosha tone, akashusha kioo chembamba juu yake kimshazari, polepole, hewa ikatoka.

"Chora."

Kikapita kitu chenye umbo la wayo wa kiatu, vinyweleo vikipiga pande zote. Kikagonga chembe ya jani, kikarudi nyuma, kikajaribu upande mwingine, kikatoweka. Nilikuwa nimechora nusu tu, tena mistari imepotoka. Niliomba nirudie.

"Hapana," akasema, akalifungia daftari kwenye droo ya meza yake. "Huu ndio mchoro wa kwanza wa kitu ulichokiona kweli. Kesho saa moja asubuhi uwe hapa. Na uagize maji ya kwenu, yaje bila kuchemshwa wala kuchujwa."

Huu ni mwaka wangu wa tatu maabarani, na bado namshukuru kwa kuninyima karatasi ya pili.

Mama nilimwandikia wiki ile ile. Mjomba aliileta chupa ya maji ya birika ikiwa imeviringishwa ndani ya leso, pamoja na agizo la mama: "Waambie ni ya jirani."

Viumbe walijaa tele. Nilimwambia fundi ni wa kwetu.