Nilimwambia Daktari Tunachemsha

Nimekosa, ila kosa langu si lile wanalolitangaza wakwe zangu.

Wao wanasema nimekosa kwa sababu nilinyanyua kibuyu cha mama mkwe, kimejaa maziwa, nikakipasua juu ya jiwe la kusagia mbele ya wazee wa ukoo. Ni kweli, nilikipasua. Maziwa yalimrukia shemeji yangu mpaka kwenye kola. Kwetu Usukumani maziwa hayamwagwi kwa hasira, nalijua hilo tangu utoto. Lakini nikiambiwa nirudie nitarudia, na nitachagua kibuyu kikubwa zaidi.

Tulikuwa tumekwenda kwao, kijiji cha kando ya ziwa, kuwaeleza ugonjwa uliotupata. Binti yangu Kabula, wa miaka minne, alikaa mkekani mguu mmoja ameunyoosha, kwa sababu haukunjiki tena. Nikamwuliza shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu (nitamwita Masanja, silo jina lake), kama yule mbuzi aliyetupa tumfuge aliwahi kuwa na tatizo lolote.

Alikuwa anatafuna matobolwa, vile viazi vya kuchemshwa vikaanikwa. Hakuacha kutafuna.

"Yule? Alitupa mimba mara mbili hapa kwangu. Mara ya tatu ndiyo akazaa. Nikasema acha niwape watu wa mjini, labda elimu ya shemeji itamponya."

Watu wakacheka. Mume wangu alitazama chini. Hapo ndipo mkono wangu ulipokwenda kwenye kibuyu.

Basi hilo mnalo. Sasa sikilizeni kosa langu mwenyewe, ambalo wazee hawakulijadili kwa sababu hawalijui.

Nimesoma mpaka darasa la kumi, shule ya bweni. Kwa wasichana wa rika langu hilo si jambo dogo, na mimi sikuwaacha watu walisahau. Nilipoolewa tukahamia Mabatini, mjini, mume wangu akiwa karani katika kinu cha pamba. Kabula alipoacha ziwa, tumbo lilimsumbua. Maziwa ya ng'ombe tuliyoletewa na wachuuzi wa baiskeli nusu yake yalikuwa maji ya ziwani, akinywa anaharisha. Nikakumbuka mwalimu wetu wa upishi alivyotufundisha kwamba maziwa ya mbuzi ni mepesi kwa tumbo la mtoto, na yakigandishwa ni mepesi zaidi.

Wakwe walinicheka. Kwao maziwa ya mbuzi ni ya watoto machungani, wanamnyonya mbuzi huko huko porini wakishikwa na njaa. Mtu mzima na heshima zake anywe mtindi wa mbuzi? Mume wangu mwenyewe mara ya kwanza alinusa bakuli akanirudishia. Kazini walikwisha mwita Beberu.

Sikujali. Nilikamua, nikachuja kwa kitambaa cheupe, nikachemsha, nikaacha yapoe mpaka kidole kinastahimili, nikatia kijiko cha mtindi wa jana, nikafunika chungu na kuvingirisha blanketi. Asubuhi umeganda, ukiinamisha chungu haumwagiki. Kabula akaanza kupata mashavu. Baada ya mwezi Beberu naye akawa anauliza umebaki kidogo?

Mbuzi huyo hakuwa wetu. Tulipewa tumfuge na kunywa maziwa, kama ilivyo desturi, mwenyewe akibaki Masanja. Na tulipewa kwa sharti moja, mama mkwe alilitamka mlangoni: maziwa ya mbuzi huyu yasipande motoni. Mnyama ambaye maziwa yake yamechemshwa, chuchu hukauka. Niliitikia ndiyo mama. Nikachemsha kwa siri.

Kiangazi kikaja, majani yakakauka, maziwa yakapungua kama yanavyopungua kila kiangazi. Mama mkwe akatutembelea. Aliikuta sufuria ina utando wa maziwa pembeni. Hakunigombeza. Alikwenda uani akafungua kamba ya mbuzi.

"Namrudisha kwa mwenyewe," akasema. "Nyumba hii ina mikono miwili, mmoja wa kuahidi, mwingine wa kuvunja."

Nilipiga magoti. Kabula alikuwa amesimama mlangoni ana bakuli lake. Nikaapa kwa jina la mwanangu kwamba sitachemsha tena. Mama mkwe akaifunga kamba, akaniachia na kibuyu alichokifukiza moshi kwa mkono wake.

Na kiapo hicho nilikitunza! Mimi ambaye nilisoma, ambaye niliandika kwenye daftari kwa mkono wangu kwamba maziwa mabichi hubeba homa, nilikitunza. Ningeweza kumwacha mbuzi aende. Ningetafuta mwingine. Lakini nilitaka mashavu ya mtoto, nilitaka nionekane mkwe mwema, na nilitaka kubaki mwanamke yule ambaye mtindi wake unasifiwa mtaa mzima. Nikataka vyote.

Maana wakati huo nilikwisha kuwa mwalimu. Kila Alhamisi akina mama wa mtaa walikusanyika, nami nikawafundisha mtindi wa mbuzi. Nasimama mbele yao na aproni nyeupe nasema chemsheni, chemsheni, asiyechemsha ni mjinga. Kisha narudi nyumbani namimina mabichi kwenye kibuyu. Walipoanza kuuliza maziwa watapata wapi, shemeji Masanja, aliyenicheka, akapakia madebe kwenye baiskeli. Akawa analeta Mabatini na mpaka kule Butimba. Wateja nilimtafutia mimi.

Kabula akaanza homa. Inapanda jioni, inashuka, jasho linalowanisha kitanda, siku nne anakuwa mzima, kisha inarudi. Nikampeleka hospitali. Jirani yangu Mama Zuhura alinisaidia kumbeba, mwanafunzi wangu wa Alhamisi, huyo aliyekuwa akinisifu kuliko wote.

Daktari alimpima, akaniuliza tunakunywa maziwa gani. Nikasema ya mbuzi. Akauliza, "Mnachemsha?"

Mama Zuhura alicheka. "Daktari, huyu? Huyu ndiye anayetufundisha sisi kuchemsha."

Daktari akanitazama mimi, anangoja.

Nikasema, "Tunachemsha."

Neno moja. Akaliandika kwenye kadi. Akasema basi itakuwa malaria, akampa mtoto dawa ya malaria. Tulirudi mara tatu, mara tatu akampa dawa ya malaria, na mara zote tatu nilikuwa na kinywa cha kusema nikakifunga. Nyumbani niliendelea kumpa mtindi, ati apate nguvu.

Miezi miwili ikapita hivyo. Kisha mume wangu naye akaanza: homa, mgongo, anainuka kitini kama mzee. Safari hii nilikwenda naye na mtoto pamoja. Daktari akamwuliza swali lile lile. Mume wangu, mtu ambaye hakuwa na cha kuficha, akajibu, "Hatuchemshi, daktari. Mbuzi ni wa kaka, mama alikataza."

Daktari akaichukua kadi ya Kabula. Akalitafuta lile neno, akalikata kwa mstari mmoja. Hakunisema. Afadhali angenisema.

Damu ikapimwa. Ni ugonjwa unaowafanya mbuzi watupe mimba, na mtu huupata kwenye maziwa mabichi. Mume wangu alipona kwa taabu. Kwa Kabula ulikuwa umekwisha kaa kwenye nyonga. Daktari alisema angeletwa mapema, kisha akanyamaza, kwa sababu aliletwa mapema.

Ninyi mliosoma na mnaishi na wakwe, msifanye nilivyofanya mimi. Mkiogopa kuitwa wenye kiburi, itweni. Mbuzi akitaka kurudishwa, mwacheni arudi. Na mtu wa hospitali akikuuliza, usimtazame jirani kabla ya kujibu.

Baada ya kibuyu kupasuka, wazee waliniamuru nilipe kingine na niombe radhi. Mume wangu akanisihi jambo liishie ndani ya ukoo. Lakini Jumatatu baiskeli ya Masanja ilipita tena Mabatini, na madebe. Mama Zuhura alikuwa mlangoni na birika, naye ni mjamzito. Nilimwambia yote pale pale, mbele ya Masanja. Aliyamwaga maziwa mtaroni. Tangu siku hiyo hajanisalimia.

Nikavaa viatu nikaenda Nyamagana, ofisi ya bwana mifugo.

Karani alisikiliza nusu. "Dada, Uhuru haujamaliza mwezi, mmekwisha anza kushitakiana kwa mtindi?"

Nikamwambia ugonjwa haukungoja bendera, na alete karatasi. Nilipomaliza kuandika aliisoma, akanishauri nitoe ile sehemu inayonihusu mimi, inaharibu shitaka. Nikamwambia agonge muhuri kama ilivyo. Akagonga. Nakala yake ninayo, inasema hivi:

"Mimi, mke na mama, mkazi wa Mabatini, namlalamikia shemeji yangu, mfugaji. Alitupa mbuzi aliyekwisha tupa mimba mara mbili, akatuficha. Mtoto wangu amelemaa. Mbuzi wake wengine bado wanakamuliwa na maziwa yanauzwa mjini. Sidai fidia. Naomba mbuzi wake wote wapimwe, na asiuze hata kikombe mpaka wapimwe. Naeleza pia kwamba nilijua maziwa mabichi yana hatari, nikampa mwanangu, nikamdanganya daktari kwa miezi miwili. Ikiwa sheria ina adhabu kwa anayeficha ugonjwa wa mnyama, apewe yeye. Ikiwa inayo kwa mama aliyejua akanyamaza, mahali ninapokaa nimepaandika hapo juu."