Upande wa Kushoto wa Kinanda

Mtoto wa Limi alipofariki kwa surua, Limi hakulia. Watu wa kijijini kwao Songwa walimsema mpaka wakachoka: mwanamke gani huyu, anamzika Nkwabi wake kwa macho makavu? Machozi hayanunuliwi dukani, jamani! Alikaa matanga, akanyoa nywele, akarudi mjini Shinyanga kumfulia nguo Jasumati, mke wa Mhindi mwenye duka la vitenge.

Kilio kilimkuta huko, mikono imo kwenye povu. Ndani, Jasumati alikuwa akipiga kinanda, wimbo wa taratibu wa Mzungu fulani wa zamani. Mkono wa kulia ulicheza juu juu, mtamu. Halafu wa kushoto ukaingia chini, sauti nene zikamshika Limi kifuani, akamsikia Nkwabi akiguna mgongoni kwake usingizini. Alilia mpaka akakaa kwenye maji ya sabuni.

Jasumati akatoka mbio. "Mama Nkwabi, nani kakupiga?"

"Hicho kinanda chako, mama."

Jasumati hakucheka. Alimkalisha kwenye stuli, mikono bado inachuruzika. "Tazama hivi vibonye vyeusi viwili vilivyokaa pamoja. Cheupe cha kushoto kwavyo ndicho do. Ukipotea, vitafute hivi viwili."

Basi ikawa hivyo, do, re, mi, kila nguo zikishaanikwa. Mkono wa kulia ulielewa upesi, wa kushoto ulikuwa mkaidi kama punda. Limi hakutaka kingine duniani: aupige wimbo ule wote kwa mikono miwili, ampigie mwanawe.

Mwaka wa sabini na moja nyumba za kupangisha zikataifishwa, na mume wa Jasumati akafunga mizigo. Kinanda hakikupata nafasi, Jasumati akampa Limi. Kilifika Songwa juu ya lori la pamba, watoto wakikikimbilia nyuma.

"Hakiliwi, hakikamuliwi," alisema Mihayo, mumewe. Lakini alikiingiza ndani, akaitumbukiza miguu ya kinanda kwenye makopo ya mafuta ya taa, mchwa wasipande. Tuseme haki, Mihayo hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ingekuwa nafuu.

Kila jioni Limi alipiga, na kila jioni alilia. Mkono wa kushoto ulikuwa umeanza kutii, kikabaki kipande cha mwisho tu. Majirani wakamnong'oneza Mihayo: anayelia baada ya matanga kwisha anaita msiba mwingine. Mihayo akaanza kusikiliza kwa makini. Mkewe akigusa kulia, shwari. Akigusa kushoto, machozi. Akaona ameujua ugonjwa ulipo.

Limi alikwenda kwa mama yake kusaidia kuchuma pamba. Aliporudi, Mihayo alikuwa mlangoni, uso wa bwana harusi, ameshika kitambaa. Ndani yake mlikuwa na bangili za shaba, nyembamba, za kujaza mkono mzima.

"Mayu, mama yangu!" Limi akacheka. Tangu waoane hakuwahi kupewa pambo. Alizivaa, akaenda moja kwa moja kwenye kinanda kumpigia mumewe shukrani.

Mkono wa kulia uliimba. Wa kushoto ukagonga mbao tupu, ko, ko, ko. Akafunua kifuniko. Nyuzi zote nene, zile zilizozungushiwa shaba, zilikuwa zimekatwa kwa koleo.

"Nilimpelekea mhunzi," alisema Mihayo kwa upole. "Zile ndizo zilizokuwa zinakuliza, mke wangu. Nimekuachia za furaha."

"Mihayo, Nkwabi alikuwa humo."

"Nkwabi yuko kaburini, Limi. Tumwache alale."

Limi alimchukia, na akajua hata hiyo chuki hana pa kuipeleka, maana mtu amemfanyia wema. Machozi yalimpanda mpaka kooni, yakarudi. Hayakutoka siku ile, wala mwaka ule, wala alipomzika mama yake.

Wanawake kisimani walizishika zile bangili na kumwonea wivu. Naye Mihayo, kila akikaa kwenye pombe na wenzake, aliwaambia dawa imekubali, mke wake halii tena.